Barua ya Wazi kwa Wapokeao Funguo za Magari ya Wasafiri, Korogwe na Handeni

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi na Madiwani wa Halmashauri za Miji ya Korogwe na Handeni. Na kwa mabwana na mabibi wenye yadi, nyumba za wageni, vituo vya mafuta na gereji ambamo magari na pikipiki za wasafiri hulazwa.



Nawaandikia hadharani, si kwa kuwa siijui milango ya ofisi zenu, bali kwa kuwa jambo lenyewe ni la umma, na faraghani limekwisha kusemwa mara nyingi likajibiwa kwa tabasamu na kikombe cha chai. Nalo ni hili: mtu wa huku atokaye kwenda kupanda ndege huliacha gari lake mikononi mwenu, hulipa ujira mnaoutaka, na arudipo hana hakika kama atalikuta lilivyokuwa, wala hana mahali pa kulia akilikuta sivyo.

Huenda mheshimiwa mmoja akauliza, maegesho ya uwanja wa ndege yanatuhusu nini sisi ambao hatuna uwanja? Jibu ni kwamba mtu wa Chanika, wa Sindeni, wa Kabuku au wa Mombo, safari yake ya ndege huanzia kwenu. Akiwa anakwenda Makka kuhiji, au India kutafuta matibabu, au Maskati kutazama jamaa, aghalabu sharti aufikie Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, na mbele yake ipo njia ndefu ya Segera, Mkata na Chalinze, kisha foleni za kuingilia mjini ambazo dereva wa shamba hazizoei. Na akichagua Uwanja wa Kilimanjaro, njia ya Same na Moshi nayo haimpunguzii urefu. Kulipeleka gari mpaka uwanjani na kuliacha huko majuma matatu au manne, likihesabiwa ada kila kukicha, ni gharama ambayo wengi wetu hatuimudu. Basi mtu hulipeleka hadi stendi ya Korogwe, au Segera, au Mkata, akalilaza, akapanda basi. Na tangu lami ya kilomita 65 ilipoiunganisha Handeni na Korogwe, na ile nyingine ya kilomita 54 ilipoishusha Handeni hadi Mkata, desturi hii imeota mizizi, maana mwenye gari dogo ambaye zamani asingethubutu njia ile wakati wa masika sasa huamka alfajiri na kulifikia basi la asubuhi. Yadi zenu, mpende msipende, ndizo maegesho yetu ya uwanja wa ndege, ingawa ndege zenyewe kwenu huonekana zikipita juu tu.

Nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba ili atakayejibu ajue analijibu lipi.

1. Kwanza, juu ya ufunguo. Iko tofauti kubwa baina ya mtu akukodishaye mahali pa kusimamisha gari na mtu apokeaye gari lenyewe. Wa kwanza anauza nafasi: ukishalifunga gari lako ukaondoka na ufunguo mfukoni, yeye hana mamlaka nalo, wala hawezi kulisogeza hata hatua moja. Ndiyo hali ya alipaye ushuru wa maegesho kando ya barabara za miji mikubwa, ambaye alicholipia ni ardhi, si ulinzi. Mwaka 1937 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika shauri la Ashby na Tolhurst, ilimnyima fidia mtu ambaye gari lake lilichukuliwa na mgeni mbele ya mhudumu wa maegesho, kwa hoja kwamba mwenye gari hakuwa amelikabidhi, bali alipewa ruhusa tu ya kulisimamisha. Hukumu hiyo ni chungu kwa wasafiri, na huenda baadhi yenu mkaifurahia. Lakini ndani yake mna kipimo kinachowabana ninyi zaidi kuliko sisi, kwa maana ninyi hamuuzi nafasi. Ninyi husema, “Mzee, tuachie ufunguo, tutalisogeza wengine wakitaka kutoka.” Neno hilo likishatamkwa, na ufunguo ukishaning'inizwa katika msumari wa ofisi yenu, gari limetoka katika mamlaka ya mwenyewe na kuingia katika mamlaka yenu, na Sheria ya Mikataba ya nchi yetu, Sura ya 345, ambayo imefuata nyayo za Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, yamtaka apokeaye mali ya mwenziwe aitunze kwa hadhari ile ambayo mtu mwenye busara ya kawaida angeitunzia mali yake mwenyewe, na akiitumia kinyume cha masharti aliyopewa, hasara itokanayo na matumizi hayo ni juu yake.

Waliosoma fiqhi hawatakuta jambo geni hapa. Kwao mwekewa amana ni mwaminifu, hadaiwi kwa balaa lisilotokana na taksiri yake, mpaka pale avukapo mpaka kwa kuitumia amana bila idhini. Tangu saa hiyo mkono wake huacha kuwa mkono wa amana, huwa mkono wa dhamana, na lolote likiipata mali ile yeye ndiye mdaiwa. Na kila mtoto aliyepita chuoni, tangu Korogwe hadi Kwamsisi, amesimuliwa jinsi Mtume alivyomwacha Ali nyuma Makka usiku wa kuhama ili azirudishe amana za watu, na wenye amana hizo walikuwa miongoni mwa watu wa mji uleule uliokuwa ukiitafuta roho yake.

2. Pili, juu ya kulitumia gari la mtu aliye safarini; na hapa nitaeleza yaliyonipata mimi, nikiificha yadi iliyohusika, kwa kuwa sikusudii kumfedhehesha mmoja ilhali desturi ni ya wengi. Nililiacha gari nikaenda Maskati kumtazama binti yangu aliyekuwa amejifungua. Niliporudi nililikuta limeoshwa, linang'aa kuliko nilivyoliacha, na wema huo ndio ulionitia shaka. Kiti cha dereva kilikuwa kimerudishwa nyuma kumfaa mtu mwenye miguu mirefu kuliko yangu. Chini ya kapeti la nyuma, mahali ambapo kitambaa cha kuoshea hakifiki, palikuwa na pumba za mahindi na nyuzi mbili tatu za katani. Na mshale wa mafuta ulikuwa umelala. Nilipouliza, kijana wa zamu alinijibu kwa adabu zote: “Shikamoo mzee. Gari lisipotembea betri inakufa, kwa hiyo tulikuwa tunalizungusha kidogo hapahapa uani.”

Marahaba yangu aliipata, na asante juu yake. Haukupita muda askari wa usalama barabarani akanisimamisha Segera, akaziingiza namba za gari katika mashine yake, akanionyesha deni ambalo sikulijua: faini ya shilingi 30,000, kosa ni mwendo wa kasi, mahali ni Mazinde, na tarehe ni ile ambayo mimi nilikuwa ng'ambo ya bahari nimempakata mjukuu. Ua wa yadi ile, kumbe, ulinyooka mpaka Mazinde! Wajuao tarikhi ya bonde hili watakumbuka kwamba Mazinde hiyohiyo, katika karne ya 19, ndipo mtawala Semboja alipokuwa akiwatoza hongo wenye misafara. Lakini Semboja, kwa insafu, alimtoza aliyepita, hakumtoza aliyekuwa Maskati.

Fedha hizo nimezilipa, kwa sababu mashine humjua mwenye gari, haimjui aliyekaa nyuma ya usukani, na kuthibitisha kwamba hukuwako ni kazi ya siku nyingi kuliko thamani ya faini. Lakini tafakarini, waheshimiwa, lau pale Mazinde pasingekuwa na askari bali mtoto avukaye barabara. Polisi wangeanza na jina lililomo katika kadi ya gari, na jina hilo ni langu. Bima ndogo, ambayo ndiyo wengi wetu tunayoiweza, humfidia mtu wa tatu aliyeumizwa, wala hailipi gari lililoibwa au kupondeka. Na hata mwenye bima kubwa ataulizwa na kampuni yake ni nani aliyekuwa akiendesha, kwa leseni gani, na kwa ruhusa ya nani. Atajibu nini mtu aliyekuwa amevaa ihramu, au amelazwa hospitalini Chennai, gari lake likibeba mahindi ya watu?

Ama hoja ya betri, mafundi wa gereji za Manundu, mjini Korogwe, huicheka. Betri nzima hustahimili kukaa majuma kadhaa. Mwenye hofu huvua kichwa cha waya wa hasi akauweka kando, na siku ya kurudi mwenyewe akaurudisha kwa spana moja. Na hata ikilala, kuibusti ni kazi ya dakika chache. Kama ni lazima injini iwashwe, na iwashwe hapo iliposimama. Sijapata kusikia betri iliyokataa kujaa mpaka ionyeshwe Mombo.

3. Tatu, juu ya ile ilani ya ukutani isemayo kwamba wenye yadi hawatahusika na upotevu wowote. Ninyi huiamini kama hirizi. Lakini sharti la mkataba ni lile alilojulishwa mtu kabla ya kukubaliana, na ilani iliyopakwa rangi nyuma ya lango, ambayo msafiri huiona akiwa amekwisha kukabidhi ufunguo na basi linampigia honi, imechelewa. Suala hili liliamuliwa London mwaka 1970 katika shauri la Thornton na kampuni ya maegesho ya Shoe Lane. Bwana yule aliumia ndani ya maegesho, kampuni ikajikinga kwa masharti yaliyobandikwa ndani na kutajwa katika tikiti iliyotolewa na mashine, na Lord Denning akaamua kwamba masharti hayo yalimfikia mtu huyo baada ya mkataba kukamilika, kwa hiyo hayakumfunga. Hukumu za Uingereza hazizilazimishi mahakama zetu, ila husikilizwa. Na hata pasipo hukumu yoyote, akili ya kawaida yatosha kujua kwamba mtu hawezi kwa mkono mmoja kupokea ujira wa kulinda na kwa mkono wa pili kuandika kwamba halindi. Kama hamhusiki, basi mnalipwa kwa kazi gani?

4. Nne, pikipiki. Juu ya hizi sina maneno mengi, kwa sababu wenyewe ni vijana na hawaandiki barua. Huja nazo kutoka vijijini Handeni, huziacha kwenye vituo vya mafuta, na wakirudi hukuta tangi limenyonywa, betri imebadilishwa kwa iliyochoka, au kabureta si yao. Kwa wengi wao pikipiki ile ni ya mkataba, bado wanampelekea tajiri hesabu kila siku. Ikiharibika wakiwa safarini, deni halisimami kuwangoja.

5. Tano, na hili ni lenu, waheshimiwa wa halmashauri. Yadi hizi mnazijua. Nyingine zina leseni ya biashara mliyoitoa ninyi, ingawa leseni husema nyumba ya wageni, au mgahawa, au gereji, na haisemi lolote juu ya magari kumi yaliyolala nyuma ya jengo. Ushuru mnakusanya. Afisa afya hupita kukagua jiko na choo, jambo jema. Lakini hapana afisa apitaye kutazama kama ua ambamo mali ya watu imelala una uzio, una taa, una mlinzi mwenye jina, au kama upo katika bonde ambalo maji ya masika hulipitia kila mwaka yakiteremka kwenda Mto Pangani. Mwuza machungwa hapo stendi anasimamiwa kuliko mpokea magari.

Msidhani kwamba nawaona watu wa huku wabaya kuliko walimwengu wengine. Hata karibu na Gatwick, uwanja mkubwa kusini ya London, imepata kutokea magari ya wasafiri kukutwa yamelazwa katika makonde yenye matope, ilhali wenyewe waliambiwa yamo ndani ya uzio penye taa na ulinzi. Tofauti ni kwamba huko serikali za mitaa zina maafisa wa kufuatilia hila za biashara, na aliyedhulumiwa anajua mlango wa kubisha. Kwetu aliyedhulumiwa hubisha mlango wa mwenye yadi yuleyule.

Tena si wote. Yuko mama mmoja Manundu, mwenye nyumba ya wageni isiyo na bango kubwa, ambaye hupokea magari machache kwa mwezi na hakubali la kumi na moja kwa kuwa ua wake haulitoshi. Mama huyo ana daftari la shule, lile lenye meza ya kuzidisha mgongoni, ambamo huandika namba za gari, kilomita zisomekazo kwenye dashibodi, mafuta yaliyomo, tairi la akiba na jeki kama vipo, na mikwaruzo iliyokuwapo. Kisha humtaka msafiri atie saini, naye akatia yake. Ufunguo haupokei. “Utavurugika kichwa bure huko uendako,” humwambia mtu, “ukiwaza nani anaendesha.” Magari huyapanga kwa tarehe za kurudi wenyewe, la mwisho kuondoka likawa ndani kabisa, na hivyo halisogezwi gari lolote. Hajasoma sheria ya India wala ya Uingereza. Kinachowezekana kwake kwa daftari na kalamu hakiwezi kuwa muhali kwa wenye yadi za kokoto na kamera.

Kwa hiyo, waheshimiwa na mabwana na mabibi, naomba haya yafuatayo.

Kwenu halmashauri, naomba mtunge sheria ndogo juu ya maegesho ya kulaza magari, ambayo itamtaka kila anayeyapokea kwa ujira awe na leseni iitajayo kazi hiyo kwa jina lake. Awe na ua wenye uzio, taa na mlinzi anayefahamika. Na atoe stakabadhi ya nakala mbili yenye mambo yaleyale ambayo yule mama huyaandika, pamoja na jina la mtu atakayewajibika, si jina la biashara peke yake, maana biashara haikamatwi shati. Naomba pia msafiri awe na hiari ya kuondoka na ufunguo wake. Na pale ambapo kweli hauna budi kubaki, utiwe katika bahasha ifungwe na kutiwa saini mbele yake, na bahasha iliyofunguliwa iwe ithibati ya kutosha kumdai mwenye yadi faini zote, mafuta na uharibifu uliotokea katika muda huo. Faini za barabarani nazitaja makusudi. Tarehe ya stakabadhi ikikaa kando ya tarehe ya faini, hapatakuwa na haja ya mashahidi wala viapo.

Kwenu wenye yadi, naomba mziondoe zile ilani, au mpunguze ujira mpaka ulingane na kazi ya kukodisha kipande cha ardhi, ili mtu ajue anachonunua. Gari la mtu lisitoke langoni bila idhini yake, na vijana wenu wa zamu waambiwe hivyo mbele ya msafiri mwenyewe, waziwazi, kwa kuwa najua kwamba aghalabu tajiri hana habari, yuko nyumbani amelala, na kijana ndiye achukuaye safari za magendo apate fedha ya kujikimu. Mlipeni kijana huyo mshahara wa haki. Mlinzi ambaye mwisho wa mwezi hupewa maneno matupu atajilipa kwa gari la mtu, na hapo taksiri si yake peke yake.

Sitaki mtu afungwe, wala sidai kurudishiwa shilingi 30,000. Ninachokitaka ni kwamba hoja hii iingie katika vikao vya mabaraza ya madiwani vya Korogwe na Handeni kabla mahujaji wajao hawajaanza kufunga mizigo yao, kwa kuwa hao ndio hukaa muda mrefu kuliko wasafiri wengine, na wengi wao ni wazee ambao gari hilo moja ndilo akiba yao yote. Diwani wa kata yangu nimekwisha mpa nakala, na ameniahidi kuisoma. Na mwenye yadi ambaye hatangoja sheria ndogo, akaanza kesho kuandika stakabadhi na kumwachia msafiri ufunguo wake, na alitangaze jambo hilo stendi, papo mabasi yanaposimama. Nitamletea gari langu safari ijayo, na nitamlipa zaidi ya ninavyolipa sasa.

Wasalaam,

Msafiri wa Chanika, Handeni